Ndani ya Ukumbi, au Dirishani

Kanuni za tawi letu niliziandika mimi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu siku hizi wapo watu wanaodai ilikuwa kazi ya kamati. Kamati ilikuwa na watu watano. Wawili hawakufika, mmoja alisinzia, na wa nne, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, alinisogezea daftari akasema, "Injinia, wewe ndiye uliyesoma. Tuandikie." Nikaandika kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, juu ya meza ya karakana yangu pale Mirongo, kati ya jokofu lililokuwa linasubiri gesi na feni iliyovunjika panga. Vifungu thelathini na kimoja. Jumatatu nilimpelekea mpiga chapa, naye aliniambia hajawahi kupokea mswada wa mkono usio na neno lililofutwa.

Kusema kweli sikuwa mhandisi. Nilikuwa fundi sanifu, mwenye diploma ya majokofu na mitambo ya barafu, lakini watu wa Igogo waliniita Injinia na sikuona haja ya kuwasahihisha. Diploma hiyo niliipata Ulaya Mashariki, katika nchi ya baridi ambako nilikaa miaka mitano. Lugha yao niliijua kwa miezi minane, wakati wengine darasani walihitaji mwaka mzima. Baba yangu alikuwa mchunga ng'ombe, na hata hao ng'ombe wengi walikuwa wa mtu mwingine. Sikurithi hata kigoda. Wenzangu waliporudi nyumbani walishuka na redio za kaseti na makoti ya ngozi. Mimi nilishuka na sanduku la spana na vipimo vya gesi, na cheti changu nimekifunga ndani ya fulana mbili kisikunjike.

Nilirudi wakati mzuri. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, na sangara bila barafu ni uvundo. Mitambo ililetwa kutoka nje, mafundi wa kuijua walikuwa wachache, na katika hao wachache nilikuwa wa kwanza kuitwa. Ndani ya miaka mitatu nilikuwa na karakana Mirongo, nyumba ya vyumba sita Igogo yenye bomba la maji ndani, na pikapu nyeupe ambayo kila mtu aliijua.

Vyama vingi viliporuhusiwa, nilijiunga na kimojawapo kati ya vile vipya. Jina lake halina kazi hapa. Wengi walijiunga kwa hasira, wengine kwa sababu kadi zilikuwa mpya na nzuri. Namjua fundi cherehani aliyekuwa na kadi za vyama vinne, akazihifadhi zote kwenye kopo moja. Mimi nilijiunga kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu, kule nilikosomea, chama kilichokuwa hakipingwi kikianguka mchana kweupe, na wale waliokuwa wakinyoosha mikono wote kwa pamoja wakiulizana nani alinyoosha kwanza. Nilirudi nikiamini kwamba chama hufa pale kanuni zake zinapokuwa kichwani mwa mtu mmoja. Kwa hiyo nilipoombwa kuandika, sikuandika kwa mzaha.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mwembamba, wa shati lililopigwa pasi kila siku ya Mungu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi katika chama kile cha zamani, na ujuzi wa kuendesha mkutano ulikuwa kwenye damu yake. Hakupaza sauti. Mtu akimpinga, alimwacha amalize, akafuta miwani, kisha akamuuliza swali moja tu.

Tulikutana katika ghala. Mwenye ghala alikuwa Mhindi mwenye duka la vipuri, ambaye babu yake alinunua pamba kwa wakulima kando ya ziwa hili kabla baba yangu hajazaliwa. Alituazima kwa masharti mawili: tusitundike bendera ukutani na tusivute sigara. Ghala lilikuwa na mlango mmoja wa bati, na upande wa ziwani madirisha matatu yasiyo na vioo, nondo tupu.

Madirisha hayo ndiyo yaliyoleta kifungu cha kumi na nne. Katika mkutano wetu wa kwanza kabisa, kabla hatujawa na kanuni, tulipiga kura ya kuchagua katibu, na mikono ikawa mingi kuliko kadi. Tulipochunguza tukagundua kuwa wapita njia walikuwa wamejazana madirishani, na kila mtu, jina la mgombea wake lilipoitwa, alipitisha mkono katikati ya nondo. Muuza kahawa alinyoosha mara mbili, kwa wagombea wawili. Kwa hiyo niliandika: "Mwanachama atapiga kura akiwa ndani ya ukumbi wa mkutano, na si vinginevyo." Kilipitishwa kwa makofi. Nilisimama nikasema maneno ambayo baadaye nilikumbushwa, kwamba sheria ni kama kipimo cha gesi, haiangalii sura ya mtu.

Sasa niwajulishe watu wawili ambao jambo hili liliwaangukia.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza dagaa, mwanachama mwenye kadi namba tatu. Alikuwa mtu mzima, mjane, mwenye meza ndefu sokoni na sauti ya chini. Alikuwa kwenye kamati ya tawi yenye watu tisa, na kwa kuwa hatukuwa na ofisi, kamati ilikutana sebuleni kwake. Wa pili alikuwa fundi wa nyavu, kijana wa miaka kama thelathini, aliyekuwa amemwoa binti wa yule mama mwaka mmoja uliokuwa umepita. Wote watatu, mama, binti na mkwe, walikuwa wanachama wetu.

Katika familia zao, za Kisukuma zenye kushika mila, mkwe wa kiume haketi chumba kimoja na mama mkwe wake. Akimwona njiani anapinda. Akikuta khanga yake imeanikwa uani, anazunguka nyuma ya nyumba. Hali hiyo hudumu mpaka mkwe atoe mbuzi wa kuondoa aibu, mbuzi anayetoka kwao, na huyu alikuwa bado hajamtoa kwa sababu mdogo wake alikuwa shuleni na mifugo ya nyumbani ilikuwa michache. Basi kila mkutano mama mkwe alikaa ndani, benchi la mbele, na mkwe alisimama nje kwenye dirisha la mwisho, ameupa ukuta mgongo, anatazama ziwa na kusikiliza. Alipotaka kusema, alisema akiwa ameangalia maji. Kila mtu aliona ni kawaida, na mimi pia. Kura zetu za mwanzo zilikuwa za kukubaliana, kwa hiyo hakuna aliyejali kama katibu alimhesabu au hakumhesabu.

Uchaguzi wa madiwani ulipokaribia, tulihitaji mgombea wa kata. Kanuni zangu zilisema mgombea atachaguliwa na wanachama wote, kwa kura ya siri. Tulijitokeza wawili, mimi na bwana mmoja mwenye duka la dawa baridi, mtu mpole, asiye na diploma ya kitu chochote. Wiki tatu kabla ya kura, mwenyekiti alileta pendekezo la kubadili kanuni ili mgombea ateuliwe na kamati ya watu tisa. Ndani ya ile kamati mimi nilikuwa na watu wawili. Mwenye duka la dawa alikuwa na sita. Hesabu hiyo haikuhitaji chuo. Kanuni ikibadilika, nimekwisha; ikibaki, mbele ya wanachama wote, niliamini nitashinda, kwa sababu hakuna nyumba Igogo ambayo sikuwahi kuitengenezea kitu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake. Alinikaribisha chai.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kuuliza. Tulitoka kule kwa wenzetu wa chama cha zamani kwa sababu watu tisa walikuwa wanaamulia watu mia. Sasa tunarudi kule kule?"

"Kadi zetu zinauzwa na nani?" akauliza.

"Na katibu."

"Kwa mtu yeyote?"

"Kwa mtu yeyote anayezitaka."

"Basi wale wenzetu wakiwatuma watu hamsini wanunue kadi Ijumaa, Jumapili watatuchagulia mgombea. Na sisi tutapiga makofi."

Lilikuwa jibu zuri. Nilimwambia tuweke muda, mwanachama apige kura baada ya miezi mitatu. Alitabasamu, akasema uchaguzi hausubiri miezi mitatu. Niliondoka bila kumaliza chai. Hata leo nadhani Mwalimu aliamini alichosema, na pia nadhani alimpenda mwenye duka la dawa kwa sababu alikuwa mwanafunzi wake. Mambo hayo mawili yanakaa vizuri ndani ya mtu mmoja.

Fundi wa nyavu alinijia karakana siku ya pili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa juu ya mtungi wa gesi, nikamwambia ashuke, akashuka.

"Wakipitisha, mimi nitasema wapi?" akauliza. "Kamati inakaa kwa mama. Hata nje ya dirisha la pale siwezi kusimama. Ni nyumbani kwake."

"Wewe siyo mjumbe wa kamati."

"Leo siyo. Na kesho sitakuwa. Injinia, mimi kadi yangu niliinunua ili nisikike. Kule ghalani nasikika."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nimehesabu. Na kweli nilikuwa nimehesabu. Kubadili kanuni kulihitaji theluthi mbili ya wanachama waliopo, kifungu cha ishirini na tisa, changu pia. Nilijua tuko ishirini na mmoja wa uhakika, pamoja nami. Nilikwenda kwa wenzangu mmoja mmoja kwa pikapu, na wote walinipa mkono.

Siku ya mkutano ghala lilikuwa na watu sitini ndani. Nilihesabu mara mbili. Mwenyekiti alisoma pendekezo lake, nikalipinga kwa dakika ishirini na kitu, nikaeleza habari za kule nilikosomea. Nadhani nilisema vizuri, ingawa mama mmoja wa samaki wa kukaanga aliuliza kama huko Ulaya walinifundisha pia kukaa chini. Kisha ikaja kura, ya mikono, kama kanuni zilivyosema kwa mambo yasiyohusu majina ya watu.

Katibu wetu, dada mshonaji aliyekuwa makini kuliko sisi sote, alihesabu akitumia chaki ukutani.

"Wanaokubali, arobaini. Wanaokataa, ishirini."

Mwenyekiti akavua miwani. "Arobaini kwa sitini. Theluthi mbili kamili. Injinia, hesabu umesoma, nisahihishe."

"Kuna mkono dirishani," nikasema.

Watu wakageuka, isipokuwa yule mama wa dagaa. Katika dirisha la mwisho mkono ulikuwa umepita katikati ya nondo, uzi wa nyavu bado umezungushwa kidoleni. Mwenye mkono alikuwa ametupa mgongo kama kawaida yake. Huyo ndiye alikuwa mtu wangu wa ishirini na moja. Akihesabiwa, tungekuwa sitini na mmoja, na arobaini isingefika theluthi mbili. Pendekezo lingekufa kwa mkono ule.

"Mkono nauona," mwenyekiti akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Nje," mtu akajibu, na watu wakacheka.

"Katibu, tusomee kifungu cha kumi na nne."

Dada akasoma. Alipofika kwenye "na si vinginevyo", mwenyekiti akamwomba arudie maneno hayo matatu.

"Kiswahili kizuri sana," akasema. "Nani aliandika?"

"Mwalimu, unajua aliyeandika."

"Mimi najua. Nataka wanachama wajue."

Nilieleza kwamba kifungu kiliwekwa kuwazuia wasio wanachama, na huyu ana kadi, na jina lake limo daftarini. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali lake moja: je, kipimo cha gesi kinaangalia sura ya mtu?

Hapo ndipo nilipokosea, na nitaeleza kama ilivyokuwa. Nilitoka kwenye nafasi yangu nikaenda dirishani.

"Ingia," nikamwambia fundi. "Dakika moja tu. Nyoosha mkono, utoke."

"Unajua nani yumo humo, Injinia."

"Najua. Mlango ule pale."

"Siwezi."

Nilipitisha mkono wangu kwenye nondo nikamshika begani. Sikumvuta kwa nguvu, lakini nilimshika, na watu waliona. Nikasema, na sauti yangu inafika mbali, "Mila hizi tutakaa nazo mpaka lini? Nimeishi na watu ambao mtu anacheza muziki na mama mkwe wake, na dunia haijaanguka."

"Wacheze huko huko," akasema yule wa samaki wa kukaanga.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami, mwenye nia njema tu, akanieleza kwa upole kana kwamba mimi nilizaliwa kule Ulaya. "Kijana, hajatoa mbuzi wa kuondoa aibu. Akishamtoa, hata sahani moja watakula."

"Kama ni mbuzi," nikasema, "mbuzi ni kitu gani? Natoa mimi. Gari langu liko hapo nje. Nakwenda mnadani sasa hivi, naleta mbuzi. Mkitaka wawili, naleta wawili. Tumalize kazi."

Watu wakatazamana. Nilifikiri wameguswa. Ilinichukua muda kidogo kuelewa nilichokuwa nimesema mbele ya watu sitini. Kwa waliokuwa wanajali mila, nilikuwa nimejitwalia kazi ya ukoo wa mtu mwingine, kana kwamba baba yake hayupo. Kwa waliokuwa wanajali kanuni, nilikuwa nimeahidi mfugo ili kura ipatikane. Na mimi ndiye niliyeandika kifungu cha ishirini na mbili kinachokataza mgombea kutoa zawadi.

"Katibu, andika," mwenyekiti akasema taratibu. "Ndugu mgombea ameahidi mbuzi wawili ili mwanachama aingie kupiga kura."

Kutoka nyuma mtu akalia, "Mee."

Kicheko kilikuwa kirefu. Hata dada wa chaki aliangalia chini. Mimi nilibaki nimesimama kati ya dirisha na mabenchi, na nje ya dirisha mkono ulikuwa umeondoka.

Yule mama wa dagaa akasubiri kicheko kiishe. Hakuwa amegeuza shingo tangu mwanzo. Akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Mwenyekiti, mimi natoka nje."

"Mama, kura inaendelea. Ukitoka, mkono wako hautakuwemo."

"Najua kuhesabu. Nauza dagaa kwa debe na kwa kopo."

"Basi nieleze. Wewe mwenyewe ulinyoosha kukubali."

"Nilinyoosha, na bado naona kamati ingechagua vizuri zaidi. Lakini yule ana kadi kama yangu. Akinyimwa kura kwa sababu mimi nimekalia benchi, binti yangu ataniuliza nyumbani, na sitakuwa na jibu. Nitakaa pale dukani kwa Mhindi. Mkimaliza mniite."

Alipita karibu nami. Hakuwa na hasira. "Na wewe, Injinia," akasema, "mbuzi wa binti yangu hatoki kwenye gari lako."

Mwenye samaki wa kukaanga alitoka mlangoni akamwambia fundi azunguke upande wa pili wa ghala, ili wasikutane. Tulisikia hatua zake zikizunguka ukutani. Mama alipokuwa amefika dukani, fundi akaingia, ametazama sakafu. Lile benchi la mbele lilikuwa na nafasi wazi, lakini hakukaa pale. Alisimama karibu na mlango. Alikuwa hajawahi kuona sura ya ndani ya ghala wakati wa mkutano, na nilimwona akiangalia kidogo chaki ukutani.

Katibu akafuta, akahesabu upya. Wanaokubali thelathini na tisa. Wanaokataa ishirini na mmoja. Waliomo ndani ni sitini, na theluthi mbili ya sitini ni arobaini. Pendekezo likaanguka kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa imekaa kwenye ngazi ya duka la vipuri, ikinywa soda aliyopewa na mwenye duka.

Mwenyekiti alitangaza matokeo kwa sauti ile ile ambayo angetangaza kinyume chake. Kwa hilo nilimheshimu, na sijaacha.

Nilidhani nimeshinda. Wiki mbili baadaye tulikutana kuchagua mgombea, wanachama wote, kwa kura ya siri, kama nilivyotaka. Kabla ya kura niliomba kurekebisha kifungu cha kumi na nne. Nilikuwa nimekiandika upya, safari hii kwa saa moja tu: "Mwanachama atapiga kura akiwa ndani ya ukumbi wa mkutano, au dirishani, mradi katibu amemtambua kwa kadi yake." Kilipita bila mkono hata mmoja wa kukataa. Katibu alikwenda dirisha la mwisho, akasoma kadi, akapitisha karatasi katikati ya nondo. Nasema bila haya kwamba ndicho kifungu bora nilichowahi kuandika.

Kisha tukajieleza. Mwenye duka la dawa alisema kwa dakika tano kuhusu mitaro na kipindupindu. Nilipopanda mimi, nilikuwa nimeandaa habari za barafu, za soko lenye chumba cha ubaridi, jambo ambalo hakuna mgombea mwingine mjini angeweza kulieleza kwa michoro kama mimi. Nilifungua mdomo, na kabla sijasema, mtu akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani Injinia, mbuzi wamefika?" Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaeleza michoro yangu yote mpaka mwisho. Kura: mimi ishirini na tatu, yeye thelathini na nane.

Kwa maneno mengine, wanachama wote walimchagua yule yule ambaye kamati ya watu tisa ingemchagua. Mwalimu hakunitania kwa hilo. Alikuja kunipa mkono, akasema, "Utaratibu wako umefanya kazi." Nilimjibu kwamba nilijua utafanya.

Jioni, kabla jua halijazama, fundi wa nyavu alinikuta nikiwasha pikapu.

"Kura yangu nilikupa wewe," akasema.

"Ahsante."

"Mke wangu hakukupa. Amesema yule wa duka la dawa angalau hajamtolea mama yake mbuzi."

Nilimuuliza kama na yeye alikasirika siku ile nilipomshika bega. Akasema alikasirika, lakini mbuzi ni jambo moja na kanuni ni jambo jingine, na kwenye kanuni nilikuwa upande wake. Nikamwambia nasikitika kwa bega. Hilo la mbuzi sikulisema, na yeye hakulidai.

Mwenye duka la dawa alikwenda uchaguzini akashindwa na mtu wa chama kile cha zamani. Sikufurahi. Mwaka uliofuata nilikataa kugombea chochote, kazi za viwanda zilikuwa nyingi mno, lakini nilibaki mwanachama, na kila palipotokea ubishi juu ya utaratibu waliniita nisome vifungu.

Ilikuwa katika mwaka huo fundi alikuja tena karakana. Alitaka kuazima pikapu siku moja kwenda kwao vijijini. Nilimuuliza anakwenda kubeba nini. Akaniangalia, akasema, "Mbuzi." Alisisitiza kuweka mafuta mwenyewe, lita kumi, na hakutaka niendeshe mimi, alileta dereva wake, binamu yake. Mbuzi alikuwa mweupe, mwenye ndevu, hakuwa mkubwa. Sikualikwa kwenye shughuli, na sikutarajia. Waliniletea paja limefungwa kwenye jani la mgomba, na ni mama wa dagaa mwenyewe aliyelileta.

"Gari lako limesaidia," akasema.

"Mama, nilisema tangu siku ile."

"Ulisema," akajibu, na safari hii alicheka.

Mkutano uliofuata fundi aliingia kwa mlango, akamwamkia mama mkwe wake mbele ya watu, akakaa benchi la pili. Dirisha la mwisho likabaki tupu, na ziwa likaonekana lote. Mwanachama mmoja mgeni alipendekeza tuyafute yale maneno ya dirishani kwa kuwa hakuna tena anayeyahitaji. Nilisimama kupinga, lakini mwenyekiti alikuwa ameshasema hapana. Alisema watu bado wanaoa.

Maneno hayo yamo mpaka leo. Kila baada ya muda kijana fulani mwenye digrii hunijia na kile kijitabu, ameweka kidole kwenye kifungu cha kumi na nne, ananiuliza ni mtu gani aliyeandika kwenye kanuni za chama cha siasa habari za dirisha. Namwambia ni mimi, na kwamba niliyaandika kwa saa moja.